Dhahabu ya Geita iliumbwa wapi? Somo nililofundisha miaka 19 linahitaji marekebisho (uzi mrefu)

Mwalimu_Ilemela (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mwaloni Kirumba kununua dagaa. Nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo mwalimu." Kugeuka, ni kijana niliyemfundisha fizikia mpaka kidato cha nne. Sasa ni baba wa watoto wawili na anafanya kazi kwenye machimbo madogo upande wa Geita. Tukakaa kwa mama ntilie. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu. Ndani kulikuwa na punje ya dhahabu ndogo kuliko mbegu ya mtama.

Akaniambia: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba hii ilipikwa siku nyota ilipolipuka. Nimewasimulia wenzangu wote pale duarani, kwenye shimo letu la kuchimbia. Juzi mwanangu amerudi shule ananiambia si hivyo. Niamini nani?"

Sikuweza kumjibu kwa sentensi moja, chai ikapoa. Nilimwahidi nitaandika, na kwa kuwa najua wengi niliowafundisha wamo humu, naandika kwenu wote. Sehemu kubwa ya niliyowafundisha bado ni kweli. Chuma kilichomo kwenye damu yako, oksijeni unayovuta na kalisi ya mfupa wa dagaa unayemtafuna vinatokana na nyota zilizokufa, na nyingi kati ya hizo zililipuka. Lakini dhahabu niliiweka kwenye chungu kisicho chake.

Tuanze na msingi. Atomi hujulikana kwa idadi ya protoni kwenye kiini chake. Haidrojeni ina 1, kaboni 6, oksijeni 8, chuma 26, dhahabu 79, zebaki 80, risasi 82. Ongeza protoni moja, umepata kitu kingine kabisa. Ulimwengu ulipoanza, kama miaka bilioni 13.8 iliyopita, kulikuwa na haidrojeni, heliamu na litiamu kidogo sana. Chuma hakikuwepo, wala mchanga, wala maji ya kujaza ziwa, kwa sababu hata oksijeni haikuwepo.

Vingine vyote vimetengenezwa baadaye. Kazi ni ngumu kwa sababu protoni zote zina chaji ya aina moja na zinasukumana. Ili ziungane lazima zigongane kwa kasi kubwa mno, na kasi hiyo huletwa na joto. Katikati ya Jua joto ni nyuzi milioni 15, na hapo haidrojeni ndiyo kwanza inageuka heliamu. Bado hatujafika hata kwenye kaboni.

Nitaendelea baada ya chakula.

Binti_Nyegezi

Nimekaa hapa mwalimu. Mimi ni mwaka wa kwanza chuo, na sekondari nilifundishwa hivyo hivyo kuhusu dhahabu. Usituache njiani.

Duara_Namba_Saba

Mwangaluka mwalimu. Mimi si yule kijana wako ila nami ni mchimbaji. Nasoma taratibu, simu yangu chaji asilimia 20.

Mwalimu_Ilemela

Mwangaluka mkuu. Naendelea.

Chukua nyota yenye uzito wa Jua mara 25. Kwa kuwa ni nzito, inajibana sana kwa uvutano wake, na katikati yake huwa na joto kali kuliko Jua. Inachoma haidrojeni kwa kama miaka milioni 7. Ikiisha, kitovu kinasinyaa, joto linapanda, na heliamu inaanza kuungana tatu tatu kuwa kaboni. Hatua hiyo inachukua kama miaka laki 7. Kisha inachomwa kaboni yenyewe, miaka 600 hivi. Neoni, mwaka mmoja. Oksijeni, miezi 6 hivi. Silikoni, siku moja.

Hebu rudi usome tena namba hizo. Nyota iliyoishi mamilioni ya miaka inamaliza mafuta yake ya mwisho ndani ya siku moja. Kila hatua inatoa nishati kidogo kuliko iliyotangulia, na nyota inazidi kuvuja nishati kupitia nyutrino, vichembe visivyozuiwa na kitu. Kwa hiyo inalazimika kuchoma haraka zaidi ili isijiangukie.

Mwisho wa safari hiyo ni chuma. Kiini cha chuma na majirani zake wa karibu ndivyo vilivyofungamana kwa nguvu kuliko vyote. Ukitaka kukiunganisha kiwe kizito zaidi, unalipa nishati badala ya kupata. Mama anayepika kwa mkaa analijua jambo hili bila kusoma fizikia: jivu halishiki moto. Chuma ni jivu la nyota.

Jivu hilo linarundikana katikati hadi kufikia kama mara 1.4 ya uzito wa Jua, kiwango kinachoitwa kikomo cha Chandrasekhar. Hapo kitovu hakijiwezi tena. Kitu chenye ukubwa wa dunia yetu kinaporomoka hadi upana wa makumi ya kilomita kwa muda usiofika sekunde moja. Protoni na elektroni zinasukumwa pamoja zinakuwa nyutroni, vichembe vya kiini visivyo na chaji. Asilimia kama 99 ya nishati yote inatoroka kama nyutrino. Sehemu ndogo ya nyutrino hizo inanaswa na tabaka za juu, na hiyo ndogo inatosha kurusha nje nyota yote iliyokizunguka kitovu. Hiyo ndiyo supanova.

Wimbi la mlipuko linapopita kwenye tabaka za silikoni na oksijeni, linazipika upya. Hapo inazaliwa nikeli ya aina iitwayo nikeli-56. Inageuka kobalti-56, na kobalti inageuka chuma-56, ambacho ndicho chuma cha kawaida cha jembe lako. Kuna pia milipuko ya aina nyingine, ya nyota ndogo nyeupe zilizokwisha kufa ambazo hulipuka nzima bila kubakiza kitu. Hizo ni mabingwa wa chuma: mlipuko mmoja hutoa chuma cha zaidi ya nusu ya uzito wa Jua.

Nataka_Ushahidi

Mwalimu kwa heshima zote, nani alikwenda huko akaona? Miaka milioni 7, miezi 6, siku moja. Mtu anaweza kukaa ofisini akaandika namba yoyote.

Mwalimu_Ilemela

Swali hili nalipenda kuliko yote, mkuu, na nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza fanya jaribio jikoni usiku huu. Chukua chumvi kidogo, irushe kwenye moto. Mwali utageuka njano kali. Hiyo ni sodiamu inajitaja. Kila elementi ikipata joto hutoa rangi zake maalumu, na hakuna mbili zenye rangi sawasawa. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kifaa kinachoutawanya, unaona mistari ya kila kilichomo. Kwa njia hiyo mwanaastronomia Cecilia Payne alionyesha mwaka 1925 kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa sana, wakati wakubwa wake walidhani zimeumbwa kama dunia. Hakwenda kwenye nyota. Alisoma mwanga wao.

Pili, tumeshuhudia. Tarehe 23 Februari 1987 nyota ililipuka kwenye galaksi ndogo jirani yetu iitwayo Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru kama 168,000 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Saa chache kabla mwanga haujaonekana, matangi ya maji yaliyofukiwa chini ya ardhi Japani na Marekani, pamoja na kituo cha Baksan kule Urusi, yalinasa nyutrino 24 ndani ya sekunde 13 hivi. Ishirini na nne tu, lakini siku ya kawaida haziji kwa mkupuo hivyo. Nadharia ilisema kitovu kikiporomoka nyutrino zitatangulia, na zikatangulia.

Kisha lililo tamu zaidi. Kobalti-56 hupungua nusu kila baada ya siku 77. Kama kweli mlipuko ulizaa nikeli na kobalti, basi mwanga wa supanova ile ulipaswa kufifia kwa mwendo huo huo. Wakapima mwezi baada ya mwezi. Ulififia hivyo hivyo. Mionzi ya gama ya kobalti nayo ikanaswa moja kwa moja. Watu waliona chuma kikizaliwa, mkuu. Chuma cha kutosha kutengeneza dunia nzima kama yetu mara elfu nyingi, mbele ya macho ya watu walio hai mpaka leo.

Nataka_Ushahidi

Hiyo ya siku 77 imenikalisha chini. Endelea mwalimu.

Mvuvi_wa_Ukara

Mwalimu, mwaka huo 1987 nilikuwa kijana wa miaka 20, tunavua dagaa kwa karabai. Hiyo nyota ilionekana huku kwetu au ni kwa Wazungu na mitambo yao tu?

Mwalimu_Ilemela

Marahaba... samahani mzee, nilitaka kuandika shikamoo, vidole vimezoea kuitikia wanafunzi. Shikamoo.

Ilionekana huku, na kwa jicho tupu. Tena sisi tulikuwa na bahati kuliko Ulaya, kwa sababu Wingu la Magellan liko kusini sana na Ulaya halichomozi kabisa. Kutoka Ukara, mwezi Machi mwaka ule, giza likishaingia tu, ungetazama kusini, upande iliko Mwanza, robo ya njia kutoka upeo wa maji hadi utosini. Ilikuwa nyota ya kawaida kwa kutazama, ikaongezeka mwanga mpaka mwezi Mei, kisha ikafifia. Mlikuwa mnaivulia chini yake.

Mvuvi_wa_Ukara

Marahaba mwanangu. Basi niliiona. Siku za giza tunakuwa majini usiku kucha, hakuna asiyeangalia juu. Ila hakuna aliyetuambia kuna mgeni.

Mwalimu_Ilemela

Mzee maneno yako yamenigusa. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa Kiswahili.

Sasa tuingie kwenye dhahabu.

Kama chuma ni jivu, elementi nzito kuliko chuma zinatoka wapi? Jibu ni nyutroni. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo kiini hakiisukumi. Inaingia bila kubisha hodi. Kiini cha chuma kikimeza nyutroni kinakuwa kizito, kikimeza nyingi kinakosa utulivu, na hapo nyutroni moja inajigeuza protoni. Protoni ikiongezeka, chuma kimekuwa kobalti. Endelea hivyo unapanda ngazi yote. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle waliandika kazi kubwa iliyopanga jambo hili, na mwaka huo huo Alastair Cameron akafika kwenye wazo hilo kwa njia yake. Waligundua lazima kuwe na njia mbili, ya taratibu na ya haraka.

Mfano wa nyumbani. Nenda pale Mwaloni utazame kuli anapopakua magunia ya dagaa. Akipewa gunia moja, analipeleka stoo, analiweka vizuri, anarudi kuchukua lingine. Hiyo ni njia ya taratibu. Nyutroni moja inaingia, na inaweza kupita miaka mingi kabla ya nyingine kuja, kwa hiyo kiini kina muda wa kutulia. Hufanyika ndani ya nyota kubwa nyekundu zinazozeeka kwa amani, si kwenye milipuko. Bariamu nyingi na risasi nyingi zilitengenezwa hivyo. Mwaka 1952 Paul Merrill aliona teknetiamu kwenye mwanga wa nyota za aina hiyo. Teknetiamu haidumu: hata aina yake inayokaa muda mrefu kuliko zote hupungua nusu kwa miaka milioni chache, na nyota zile ni kongwe kuliko hapo kwa mbali. Maana yake ilikuwa inatengenezwa mlemle.

Lakini njia ya taratibu inakwama. Ikifika bismuthi, yenye protoni 83, kila inayopanda inavunjika na kurudi chini. Haiwezi kufika kwenye urani, kama ile ya Namtumbo kule Ruvuma. Na dhahabu inapatikana humo kidogo tu, asilimia chache.

Sasa fikiria kuli yule yule anatupiwa magunia mia kwa sekunde moja, hana hata nafasi ya kupiga hatua. Hiyo ni njia ya haraka. Kiini kinajazwa makumi ya nyutroni kabla hakijapata muda wa kugeuza hata moja. Kinavimba mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha mvua ya nyutroni inapokatika, kinaanza kutulia, nyutroni zikijigeuza protoni moja baada ya nyingine. Mwisho unapata platini, urani, sehemu kubwa ya fedha, karibu dhahabu yote. Na karibu madini joto yote yaliyomo kwenye chumvi ya mezani kwako, ile aidini inayozuia rovu.

Swali lililobaki: ni wapi panapatikana nyutroni nyingi namna hiyo?

Miaka yote nilisema ni kwenye supanova, kwa kuwa vitabu vilisema hivyo, na lilikuwa wazo la busara. Kuna joto, kuna mlipuko, kitovu kinageuka nyutroni. Walipoanza kukokotoa kwa kompyuta hatua kwa hatua, ikawa haikubali. Zile nyutrino nyingi zinazotoka zinazigonga nyutroni na kuzigeuza protoni. Magunia yanaisha kabla kuli hajajazwa. Supanova ya kawaida inaweza kupanda ngazi kidogo kupita chuma, lakini kufika 79 inashindwa.

Binti_Nyegezi

Kwa hiyo ni nyota za nyutroni kugongana? Nimewahi kusikia habari za 2017.

Mwalimu_Ilemela

Ndiyo dada, na habari ile ndiyo iliyotakiwa kunifanya niandike uzi huu mapema zaidi.

Nyota ya nyutroni ni kile kitovu kilichobaki baada ya supanova. Ina uzito kupita Jua lakini upana wake ni kama kilomita 20, kidogo kupita mwendo wa daladala kutoka mjini hadi Kisesa. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kina uzito wa tani bilioni kadhaa. Wakati mwingine nyota mbili zilizozaliwa pamoja zote hulipuka na kuacha mizoga miwili ya namna hiyo, inazungukana, inapoteza nishati kidogo kidogo, inakaribiana kwa mamilioni au mabilioni ya miaka, mwisho inagongana.

Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO ya Marekani na Virgo ya Italia ilihisi mtetemo wa anga wenyewe, mawimbi ya uvutano. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa mmweko wa mionzi ya gama. Darubini za dunia nzima zikageuzwa kutafuta, zikakuta nuru mpya kwenye galaksi NGC 4993, miaka ya nuru kama milioni 130 kutoka hapa. Nuru ile ilianza ya buluu, ndani ya siku chache ikawa nyekundu, kama ilivyotabiriwa kwa wingu lililojaa elementi nzito. Mwaka 2019 wachunguzi waliosoma upya mwanga ule walitambua strontiamu, yenye protoni 38. Elementi nzito zilizorushwa siku ile zinakadiriwa kuwa na uzito wa dunia yetu mara maelfu, na dhahabu pekee dunia nzima kadhaa.

Fikiria, mgongano mmoja.

Ushahidi mwingine uko chini ya bahari, na mimi huu ndio ulionishawishi kabisa. Kwenye ukoko wa mawe ya kilindi cha Pasifiki wamekuta chuma-60. Aina hii hupungua nusu kila miaka milioni 2.6, kwa hiyo hata ile iliyokuwepo dunia inaumbwa ingekuwa imeisha zamani. Lazima ilinyesha kutoka supanova za karibu katika miaka milioni chache iliyopita. Sasa, kama supanova hizo hizo ndizo zinazotengeneza elementi nzito za njia ya haraka, zingenyesha na plutoni-244 kwa wingi. Wakaitafuta. Ipo, lakini ni kidogo sana kuliko hesabu inavyodai. Maana yake elementi nzito zinatoka kwenye tukio la nadra sana, linalotoa nyingi kwa mpigo mmoja, halafu kimya cha muda mrefu.

Mjadala haujafungwa, na ni vizuri mkalijua hilo. Mwaka 2025 wachunguzi walipitia upya kumbukumbu za mmweko mkubwa wa Desemba 2004 kutoka kwa nyota ya nyutroni yenye usumaku wa kutisha, wakaona dalili kwamba nayo ilitengeneza elementi nzito, na huenda nyota za aina hiyo zinachangia hadi sehemu moja ya kumi. Wengine wanatetea supanova za nadra, za nyota zinazozunguka kwa kasi na kuporomoka kuwa shimo jeusi. Kama hao watathibitika, supanova itarudishiwa sehemu ya heshima yake.

Na hata sasa haijavuliwa yote. Nyota ya nyutroni yenyewe inazaliwa na supanova. Kwa hiyo, kijana wangu wa Mwaloni kama unasoma, mwambie mwanao hivi: supanova si mama wa dhahabu, ni bibi yake.

Duara_Namba_Saba

Mwalimu nimekopa chaja kwa jirani ili niulize hili. Umesema dhahabu 79 na zebaki 80. Ni majirani. Sisi huku zebaki ndiyo tunanasia dhahabu kwenye mwalo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu. Kuna watu wanapita na kichupa wanasema ni zebaki nyekundu, wakiichanganya na zebaki ya kawaida inageuka dhahabu. Mwenzetu mmoja ameuza mbuzi wake wote. Kwa hesabu yako ya protoni moja tu, haiwezekani kweli?

Mwalimu_Ilemela

Pole kwa mwenzenu, na asante kwa kuuliza hadharani. Haiwezekani. Hakuna dawa, kichupa, moto wala tindikali inayoweza kutoa protoni kwenye kiini. Kemia yote inachezea elektroni za nje. Kiini kiko ndani kabisa na nguvu inayokishika ni kubwa kuliko moto wowote wa duniani kwa mamilioni ya mara. Ndiyo maana uzi huu umejaa nyota zinazoporomoka: kwa kazi hiyo unahitaji nyota.

Binadamu amewahi kugeuza zebaki kuwa dhahabu, mwaka 1941, Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kuipiga na nyutroni zenye kasi. Walichopata ni dhahabu yenye mionzi, ambayo baada ya siku chache inarudi kuwa zebaki. Na kwenye mtambo mkubwa wa CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya kinachogonganisha vichembe, viini vya risasi vinapopishana kwa karibu, vingine vinapoteza protoni tatu na kuwa dhahabu. Kati ya 2015 na 2018 walipata gramu 29 ukizigawa kwa trilioni. Kwa mtambo wa kilomita 27. Anayekuja na kichupa mkimbie.

Na kwa kuwa umetaja mwalo: tafadhali msichome zebaki wazi kwenye kikaango, hasa palipo na watoto na chakula. Mvuke wake unaingia mapafuni na kuharibu neva, na unaobaki unaishia mtoni, kisha ziwani, kisha kwenye samaki. Tumieni kile chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke. Zebaki inarudi mnaitumia tena.

Duara_Namba_Saba

Nimeelewa. Nitawasomea wenzangu kesho asubuhi kabla hatujashuka. Lakini mwalimu, basi kwa nini Geita? Kama ilitoka huko juu si ingenyesha sawa kila mahali? Mwanza mjini mawe matupu, hata gramu hakuna.

Mwalimu_Ilemela

Ilinyesha sawa, mkuu. Wingu lililozaa Jua na dunia, kama miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilikuwa na vumbi la dhahabu limechanganyika kila mahali. Shida ni kwamba dhahabu inapenda chuma. Dunia ilipokuwa bado imeyeyuka, chuma kilizama katikati na dhahabu nyingi ikaondoka nacho. Ile tunayoifikia, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu kubwa ililetwa baadaye na vimondo, baada ya chuma kwisha kuzama. Na ni kidogo mno: kwenye mwamba wa kawaida unapata miligramu chache kwa tani nzima.

Ili ifae kuchimbwa lazima kitu kiikusanye mara elfu hivi. Huku kwetu kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mawe ya Mwanza mjini, pamoja na lile la Bismarck lililosimama majini, ni matale, magma iliyopoa taratibu chini ya ardhi. Lakini Geita, Kahama na kule Mara kuna mikanda ya miamba ya zamani sana ya volkeno, wataalamu wanaiita mikanda ya mawe ya kijani. Maji ya moto yenye salfa yalipita kwenye nyufa zake, yakikwangua dhahabu huku na huku na kuibeba ikiwa imeshikana na salfa.

Sasa sikilizeni hapa, maana sehemu hii nimeifahamu nikiwa mtu mzima na bado inanisisimua. Kwenye vilima vya Geita kuna matabaka ya mwamba wenye chuma kingi, yale mawe yenye mistari mistari mekundu na meusi. Maji yale ya moto yalipokutana na chuma, chuma kiliipokonya dhahabu salfa yake, kikawa yale mawe ya njano yanayong'aa yanayowadanganya wageni wa kazi. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikadondoka papo hapo. Ndiyo maana mkiona mawe hayo ya njano karibu na mwamba wa chuma mnachangamka.

Chuma kile kilitoka kwenye nyota zilizolipuka. Dhahabu ile ilitoka, kwa ushahidi tulio nao leo, kwenye mizoga ya nyota iliyogongana. Vilisafiri mbalimbali, vikakutana chini ya Geita, na kimoja kikamkamata mwenzake.

Duara_Namba_Saba

Yale ya njano mimi huwa nayatupa kwenye marudio, lile rundo la mabaki. Leo nimeyatazama kwa heshima.

Nataka_Ushahidi

Mwalimu, tukirudi angani. Kuna nyota yoyote tunayoiona sasa hivi ambayo iko njiani kulipuka?

Mwalimu_Ilemela

Ipo. Mzee wa Ukara ataitambua haraka kuliko sisi. Mnakijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililosongamana. Mwezi Desemba, saa mbili usiku, Kilimia kiko juu, na nyuma yake upande wa mashariki zinapanda nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Ukitazama mashariki, kushoto ya hizo tatu kuna nyota kubwa yenye wekundu. Inaitwa Betelgeuse. Iko miaka ya nuru 500 hadi 700 hivi. Mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 ilififia ghafla, watu wakadhani saa imefika. Baadaye ikajulikana ilitema wingu la vumbi lililoiziba. Italipuka, lakini inaweza kuwa kesho au baada ya miaka laki moja. Siku hiyo itaonekana hata mchana.

Mvuvi_wa_Ukara

Kushoto ya zile tatu, nyekundu. Naijua mwalimu. Sisi ile tunapimia saa. Ikifika utosini tunavuta wavu wa pili, ikianza kuinama kwa magharibi tunajua kumekaribia kucha. Giza la mwezi linaanza Alhamisi ijayo, nitakuwa majini na vijana wanne. Nitumie tena ile habari ya 1987, upande na kimo, iandike kwa herufi kubwa. Nataka niwaonyeshe pale ilipokuwa.